Nimesomea shule za kibinafsi, nataka udiwani Kilifi 2027: nianzie wapi?

Kijana_Kilifi27 ameuliza:

Salaam wakuu. Nina miaka 24. Shule ya msingi na ya upili nilisomea za kibinafsi, za bweni, nje ya kaunti yetu, kisha nikamalizia chuo kikuu Nairobi. Kwetu ni Kilifi, wadi ya mashambani, na nimeamua kuwania kiti cha MCA, yaani diwani wa bunge la kaunti, Agosti 2027. Familia inajiweza kiasi lakini haijawahi kuwa ya siasa.

Kila ninayemwuliza hunipa jibu la maneno mawili, ama "tafuta pesa" ama "tafuta chama". Mimi nataka hatua zenyewe. Sheria inataka nini hasa? Nipitie chama au niwe mgombea huru? Na nifanyeje watu wa wadi wasinione mgeni aliyekuja kuomba kura? Kiswahili changu hakina shida, Kigiriama nasikia lakini kusema nasema kwa kubahatisha. Naomba majibu kutoka kwa wanaoijua kazi hii.

---

KaraniMstaafu:

Bwana mdogo, anza na karatasi, maana kuna watu wazuri huanguka kabla hata jina halijaingia kwenye debe.

Kifungu cha 193 cha Katiba kinataka uwe mpiga kura aliyesajiliwa, utimize masharti ya elimu na maadili, na uwe umependekezwa na chama, au kama ni mgombea huru, uungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa ndani ya wadi hiyo. Soma hilo la kwanza kwa makini. Sheria haisemi lazima usajili wako uwe katika wadi unayogombea. Lakini vijana wengi waliosoma nje hujisajilia walikosomea, halafu siku ya kura mgombea hawezi hata kujipigia. Wapinzani wakilijua hilo watalisema kila jukwaa. Kwa hiyo kama kura yako iko Nairobi, ihamishe sasa. Nenda ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneobunge unalohamia (si unalotoka), uwe na kitambulisho, ujaze fomu ya uhamisho, utaje kituo kilicho karibu na kwenu. Usingoje mwaka wa uchaguzi, kwa sababu sajili hufungwa kabla ya kura na ikishafungwa hapana wa kukusaidia.

La pili linawahusu sana waliosoma shule kama zako: uraia pacha. Diwani ni afisa wa serikali kwa mujibu wa Katiba, na Kifungu cha 78 kinamkataza afisa wa serikali kuwa na uraia wa nchi mbili, isipokuwa sheria ya nchi ile nyingine ilikupa uraia bila wewe kuwa na njia ya kuukataa. Kama una pasipoti ya pili, tafuta wakili mapema. Kuukana uraia huchukua muda.

La tatu, ajira. Ukipata kazi ya umma sasa, iwe kaunti au serikali kuu, Sheria ya Uchaguzi inakutaka ujiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya kura. Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027, basi barua yako iwe imepokewa na kupigwa muhuri kabla Februari haijafika tarehe 10. Weka nakala.

Digrii haikuhitajika kwa madiwani mwaka 2022, mahakama ililiondoa sharti hilo. Ada ya IEBC mwaka huo ilikuwa shilingi 5,000 kwa kiti cha MCA, na nusu yake, 2,500, kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Angalia tangazo la 2027 litakapotoka, usitegemee la zamani.

---

Bi_Zawadi_Ganda:

Mwanangu, hilo swali lako la mwisho ndilo lenye uzito. Shule ya kibinafsi si dosari. Hapana mama wa kijijini anayemchukia mtoto aliyesoma, kwani yeye mwenyewe anauza mnazi na mihogo ili wake asome. Dosari ni kutoonekana. Mtu aliyekaa bweni tangu darasa la nne hajulikani msibani, hajulikani kisimani, hajulikani hata na mzee wa kijiji chake. Bango la barabarani halilitibu jambo hilo.

Linalolitibu ni kazi ya wadi, na kazi hiyo ina kalenda. Watu wengi hawaijui, na hapo ndipo elimu yako itakufaa. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kaunti huwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka katika bunge lake kabla ya tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mwelekeo wa fedha huwasilishwa kabla ya 28 Februari. Makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Katika kila hatua wananchi hutakiwa kuulizwa maoni, na vikao hivyo hutangazwa. Katika wadi nyingi wanaofika ni wazee wachache na wafanyakazi wa kaunti wenyewe.

Nenda kila kikao. Kabla hujaenda, pata kitabu cha bajeti, tafuta kurasa za wadi yenu, andika miradi yote iliyotengewa pesa: zahanati, darasa la chekechea, bomba la maji, soko. Kisha zunguka kwa miguu uitazame mmoja mmoja, upige picha. Utakuta mradi uliolipiwa awamu mbili ukiwa bado msingi mtupu. Hapo usipande jukwaani kumtukana diwani aliyepo. Andika barua ya kuomba hati za mradi kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Isipojibu au ikikataa, unakata rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Jibu likija, lipeleke barazani, lisome kwa Kiswahili chepesi, mwachie mzee wa kijiji nakala. Ukifanya hivyo kwa miradi mitatu tu, jina lako litazunguka wadi nzima bila shilingi ya bango.

Kuhusu Kigiriama: jifunze sasa, tena kwa kusema. Usiruke salamu. Watu watakusahihisha na watakupenda kwa kujaribu. Ila usikariri sentensi mbili za kufungulia hotuba halafu ukahamia Kiingereza swali gumu linapokuja. Hilo huudhi kuliko kutoijua lugha kabisa.

Msibani nenda kama jirani. Fika mapema, saidia kubeba viti, keti na watu. Usiombe kupewa kipaza sauti.

---

MzeeWaMchujo:

Naongeza kuhusu chama. Kuna mambo matatu ambayo vijana huyachanganya.

Kwanza kagua kama tayari wewe ni mwanachama wa chama fulani bila kujua. Kabla ya 2022 Wakenya wengi waligundua majina yao yameingizwa kwenye sajili za vyama ambavyo hawakujiunga navyo. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ukurasa wa Msajili wa Vyama vya Kisiasa, uangalie kwa namba ya kitambulisho. Kama upo usikotaka, jiuzulu kwa maandishi na uhifadhi uthibitisho. Hili linakuhusu zaidi ukitaka kuwa mgombea huru, maana Kifungu cha 85 kinataka usiwe umekuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Kwa 2027 maana yake uwe umetoka kabla ya tarehe 10 Mei. Mpinzani anayejua sheria atatafuta jina lako humo.

Pili, mchujo wa chama, yaani uteuzi wa ndani wa mgombea wake, hauna sura moja. Kuna wa wanachama wote kupiga kura, kuna wa wajumbe, kuna maelewano, na kuna tiketi ya moja kwa moja, chama kukuteua bila kura. Usilipe ada ya chama kabla hujasoma kanuni zake za uteuzi na kujua wadi yako itatumia njia gani. Ukiambiwa "tutaamua baadaye", elewa kwamba uamuzi utafanywa na watu wachache, basi jiulize kama hao wachache wanakujua. Ukidhulumiwa, usikimbilie mahakama moja kwa moja. Anza na kamati ya chama ya kutatua mizozo, kisha Jopo la Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, ndipo Mahakama Kuu. Anayeruka hatua ya kwanza hurudishwa, na muda wa mchujo hauna siku za kupoteza.

Tatu, mgombea huru. Inawezekana. John Paul Mwirigi alichaguliwa mbunge wa Igembe Kusini 2017 akiwa na miaka 23, mwanafunzi wa chuo kikuu, bila chama. Lakini tazama pia kwamba 2022 alitetea kiti kwa tiketi ya chama cha UDA. Na Linet Chepkorir alipata uwakilishi wa wanawake Bomet 2022 akiwa na miaka 24 kwa kupita mchujo wa UDA. Njia zote mbili zimepitika. Kwa Kilifi, ambako chama cha ODM kimekuwa na mizizi mirefu, mgombea huru hupigana na karatasi yenye alama ambayo watu wameizoea kwa miaka. Alama yako mpya itabidi uitembeze mpaka bibi asiyesoma aitambue akiwa peke yake kwenye kibanda.

Ukiamua kuwa huru, zile saini 500 zichukulie kama 800. Nyingi hudondoka. Mtu amesajiliwa wadi jirani, namba ya kitambulisho imekosewa tarakimu moja, mwingine ametia saini mara mbili. Kila jina lilinganishe na sajili ya wapiga kura siku hiyo hiyo unapolipata, usingoje mwisho.

Mimi ushauri wangu ni ungojee 2032. Ingia ligi ya vijana ya chama sasa, fanya kazi katika ofisi ya wadi au kamati ya chama, ukomae.

---

Bi_Zawadi_Ganda:

Mzee wangu, kwa heshima, sikubaliani nawe kwa hilo la 2032. Anayengoja miaka mitano kwenye ligi ya vijana mara nyingi hugeuzwa mpangaji wa viti kwenye mikutano ya wengine. Agombee 2027 ikiwa ameianza kazi ya wadi mapema. Akishindwa huku watu wanamjua kwa kazi, hiyo 2032 ataingia na kura zake mkononi. Ila kama anapanga kurudi nyumbani Januari 2027 na gari lenye vipaza sauti, hapo naungana nawe, asijisumbue.

---

Kijana_Kilifi27:

Asanteni sana. Kura yangu kweli iko Nairobi, nitaihamisha. Naomba jambo moja zaidi. Nitajuaje nahitaji kura ngapi? Na watu wakiomba pesa nifanyeje? Nikienda kutembea tu, kila steji ya boda naambiwa "fungua mkono".

---

HesabuZaKura:

Kaka, hesabu iko hivi.

Mwaka 2022 sajili ilikuwa na wapiga kura 22,120,458 nchini, na wadi ni 1,450. Wastani ni kama 15,250 kwa wadi. Yako inaweza kuwa chini au juu, idadi kamili utaipata IEBC kituo kwa kituo. Tuchukue 15,000. Waliojitokeza kitaifa 2022 walikuwa karibu asilimia 65, kwa hiyo kura zitakazopigwa ni kama 9,750. Wagombea wakiwa wanane, mara nyingi mshindi hafiki nusu. Akipata asilimia 35 ni kura 3,400 hivi. Hiyo ndiyo shabaha yako ya kuanzia. Kisha chukua matokeo ya 2022 ya kila kituo katika wadi yenu, uone kila mgombea alipata wapi. Utagundua kwamba karibu kila mmoja alikuwa na vituo viwili au vitatu vya nyumbani, kwingine akaokota makombo. Kitakachokupa kiti ni kuwa wa pili katika vituo vya watu wengine. Wa pili kila mahali humshinda wa kwanza wa kijiji kimoja.

Sasa hesabu ya miguu. Wapiga kura 15,000, ukikadiria watatu kwa boma, ni maboma 5,000. Ukiweza kukaa vizuri na maboma 15 kwa siku, siku tano kwa wiki, hiyo ni 75 kwa wiki, na wadi nzima itakuchukua wiki 67. Zaidi ya mwaka. Kipindi rasmi cha kampeni 2022 kilikuwa 29 Mei hadi 6 Agosti, wiki kumi tu, kwa hiyo anayesubiri kipindi rasmi atafika maboma 750. Ndiyo maana wanaochelewa hukimbilia pesa, hawana tena muda wa kukaa na mtu.

Beba daftari. Boma, kijiji, wangapi wana kura, wangapi wana miaka 18 na hawana kitambulisho, shida waliyoitaja. Wale wasio na kitambulisho ndio kura ambazo hakuna mpinzani aliyezihesabu. Wasaidie kujua karatasi zinazotakiwa, waongoze hadi kwa chifu na ofisi ya usajili wa watu, kisha IEBC. Si lazima uwalipie chochote, wengi hukwama kwa kutojua tu waanzie wapi.

Kuhusu pesa. Kumpa mpiga kura kitu ili akupigie ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, na mashahidi huwa ni wale wale uliowapa. Nje ya sheria, lina ubaya wa kivitendo pia. Mtoto wa shule ya kibinafsi akitoa 200 steji moja, jioni steji zote zimejua, na kesho bei ni 500. Huwezi kushindana na aliyepo kiti kwa njia hiyo. Sema jibu moja siku ya kwanza na usilibadilishe: "Sina pesa ya kugawa, nina namba ya simu ninayopokea na nitakuja tena Jumamosi." Kisha Jumamosi uje kweli. Steji watakucheka wiki mbili tatu. Ukiwa umerudi mara ya tano wataanza kukuambia habari za barabara.

Na jihadhari na ahadi. Diwani hana hati miliki za mashamba mfukoni. Kilifi maskwota ni wengi, na kila uchaguzi kuna mtu huwaahidi hati. Ardhi ya namna hiyo iko mikononi mwa serikali kuu na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Vivyo hivyo polisi, vitambulisho, na shule za msingi na upili. Kaunti ni zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, barabara za kaunti, maji, masoko, kilimo, uvuvi, leseni za vileo. Na hata humo, diwani hajengi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamkataza kujihusisha na utekelezaji, yeye hutunga sheria, hupitisha bajeti na hukagua. Ukiahidi "nitawajengea zahanati" umedanganya tayari. Sema "nitaiweka kwenye bajeti na nitawaonyesha ukurasa".

---

WakalaWaKituo:

Nimesoma yote, lakini hamjagusa siku yenyewe ya kura, na hapo ndipo wageni huibiwa au hujiibia.

Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Kwa 15,000 una vituo visivyopungua 22, na kwa kuwa wapiga kura wa kila shule hawagawanyiki sawa kwa 700, panga 28. Kila kimoja unaruhusiwa wakala mmoja ndani, mtu wa kukulindia kura. Ukiweka 2,000 kwa kila mmoja za chakula, nauli na simu, ni shilingi 56,000, bila kuhesabu wachache wa akiba. Pesa hizi ziwekwe kando mwanzo kabisa, kabla ya fulana. Nimeona wagombea wenye malori matatu ya spika na mawakala tisa, na matokeo ya vituo vyao vingine hawakuyajua mpaka redio ilipotangaza.

Usichague wakala kwa undugu. Chagua anayesoma haraka, asiyekunywa, anayeweza kukaa kuanzia kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kituo kinapofunguliwa hadi usiku wa manane kura zikihesabiwa. Barua za uteuzi na kiapo cha siri zikamilike mapema. Asiye na hati hizo hukataliwa mlangoni, na kituo kikianza bila mtu wako, hutajua hata kama sanduku lilionyeshwa tupu.

Wafundishe jambo moja mpaka walale nalo: fomu 36A. Hiyo ndiyo ya matokeo ya MCA kituoni. Wasiichanganye na 34A ya urais wala 35A ya mbunge, usiku kila mtu amechoka na fomu zinafanana. Hatua ni hizi: hesabu kila kura inavyosomwa kwa kuandika mistari kwenye daftari lako mwenyewe, linganisha jumla na fomu kabla hujatia saini, kama hukubaliani, omba kura zihesabiwe upya papo hapo na uandike sababu kwenye fomu, kisha chukua nakala yako na upige picha iliyonyooka, tarakimu na saini zionekane. Asiondoke bila nakala. Kukataa kutia saini kwa hasira halafu ukaenda nyumbani hakufuti matokeo.

Wewe uwe na mtu mmoja mwenye kompyuta anayezipokea picha hizo na kujumlisha. Mawakala wakituma saa nane za usiku, utaijua jumla yako kabla ya fomu 36B ya wadi kujazwa, na hapo unaweza kusimama mbele ya msimamizi na kumwonyesha kituo chenye tofauti.

Msidharau tofauti ndogo. Magarini hapo hapo Kilifi, ubunge 2022 uliamuliwa kwa kura 21, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na kiti kikarudiwa Novemba 2025.

Ukilazimika kwenda kortini, una siku 28 tangu matokeo kutangazwa. Kesi ya diwani husikilizwa na hakimu aliyeteuliwa, dhamana ya gharama ni shilingi 100,000, na hukumu lazima itoke ndani ya miezi sita. Bila zile 36A za mawakala wako hapana kesi, hata wakili awe hodari vipi.

---

Kijana_Kilifi27:

Nimeandika yote. Wiki hii naenda ofisi ya IEBC kuhamisha kura, na nitaomba idadi ya wapiga kura kituo kwa kituo siku hiyo hiyo. Bi Zawadi, kitabu cha bajeti cha kaunti nakipatia wapi kama hakiko mtandaoni?

---

Bi_Zawadi_Ganda:

Nenda kwa karani wa bunge la kaunti, Malindi. Uliza makadirio yaliyoidhinishwa, si rasimu, maana mafungu ya wadi hubadilika kati ya Aprili na Juni. Wakisita, waachie barua ya kuomba kwa ile Sheria ya Upatikanaji wa Habari, wakupigie muhuri nakala yako, na uanze kuhesabu siku 21 kuanzia hapo.